Hii Njia Inatokeaka Wapi?

Mgeni Salamabila, kabla ya kukata kona, huuliza: "Hii njia inatokeaka wapi?" Mimi mwanafunzi wa isimu huvutwa na kile -ak- cha Kiswahili chetu cha Kongo, kinachoonyesha mazoea. Anayeuliza njia anaiona. Anachotaka kujua ni kama watu huifuata mpaka upande wa pili.

Wataalamu wa miji hulipima jambo hilohilo kwa hesabu. Kila kituo cha mtandao wa barabara hupewa idadi ya njia zinazokutana hapo: msalaba 4, njia panda 3, njia iliyofungwa 1. Wastani ukishuka, mji unapanuka bila kuungana. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, katika utafiti wa mwaka 2015, walionyesha kwamba Marekani hali hiyo ilifikia kilele karibu mwaka 1994, kisha mitaa mipya ikaanza tena kuunganishwa. Kule wajenzi walifunga mitaa kwa kupenda, wenye nyumba wapate utulivu.

Kwetu inafungwa na parseli. Dhahabu ya Namoya imevuta watu wengi, na mchimbaji hamngoji mpimaji wa ardhi. Kwanza kuna vijia tu, vya kisimani, vya sokoni, vya shimoni, na karibu vyote vinatokea mahali. Halafu mtu anajenga, anauza nusu ya parseli, mnunuzi anaweka ua. Ukiuliza sasa, jibu limebadili wakati: "Ilikuwa inatokea." Nyumba mbili zilizopeana migongo zinatenganishwa na mzunguko mrefu. Mwenye ndoo kichwani anaubeba mzunguko huo kila siku, na pikipiki iliyompakia mama mwenye uchungu wa kuzaa inageuzia kwenye jiko la mtu.

Njia ikishafungwa, kuifungua tena ni kubomoa. Mji wa zamani wa Tippu Tip, karibu na Kasongo, leo unaitwa Tongoni, yaani mahameni: pale watu waliuacha mji mzima. Sidhani kama Salamabila inahitaji kufika huko ili ipate njia zinazopenya.

Parseli inapouzwa, mashahidi huitwa na mipaka hutajwa: huku fulani, kule fulani. Kijia kinachopita katikati kingeweza kuandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, kwa mstari mmoja, kabla ya ua kusimama.