Utangulizi: Ubao, Pima Maji na Mlima Magara

Hili ni somo lisilo na idara chuoni. Wanaolisoma wametawanyika: mpima ardhi yumo, mjiolojia yumo, dereva wa fuso yumo, na punda yumo pia, tena punda ni mwalimu kuliko wengi wetu. Ni somo la miteremko. Linauliza kwa nini barabara hupanda inavyopanda, na msafiri aliyefunga safari kwenda kuiona aangalie nini.

Wengi huanzia mijini. Huko Dunedin, New Zealand, kuna Baldwin Street, mtaa ambao watu huvuka bahari kwenda kuupanda, wapige picha, washuke, basi. Siwacheki, maana nami ningeenda. Lakini mwanafunzi wangu namwanzishia Mbulu, huku Tanzania, ambako mteremko unapandwa na kila gunia linalokwenda sokoni.

Ukitoka Babati kuelekea Makuyuni, unakata kushoto pale Mbuyu wa Mjerumani. Barabara inapita bondeni hadi Magara, kisha ukuta wa Bonde la Ufa, ndio Mlima Magara, unakusimamia mbele. Ziwa Manyara, chini bondeni, liko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbulu umepita 1,700. Chukua tofauti ya mita 700 tu, upige hesabu. Mteremko wa asilimia 10 unapanda mita 10 katika kila mita 100 za ulalo, kwa hiyo unahitaji barabara ya kilomita 7 hivi. Kwa asilimia 35, ambayo ndiyo sifa ya Baldwin Street, kilomita 2 zingetosha, ila hakuna lori la vitunguu saumu ambalo lingefika juu. Ndiyo maana ya kona. Mjenzi wa barabara ananunua unafuu kwa urefu, na kila kona ni risiti yake.

Tazama pia unachokanyaga. Sehemu kali za Mlima Magara zimewekwa zege. Sehemu ya juu ya Baldwin Street nayo ni zege, kwa kuwa lami ikipigwa na jua hulainika, na mahali pakali namna ile ingeporomoka yenyewe. Popote utakapokuta lami imekatika na zege imeanza katikati ya mlima, ujue fundi alishapima kabla yako.

Sasa upime wewe. Vifaa ni ubao wa mita moja, pima maji ya fundi mwashi, na rula. Laza ubao barabarani kufuata mteremko, acha ncha ya juu iguse chini, inua ya upande wa bondeni mpaka povu likae katikati. Pima nafasi iliyobaki chini ya ncha uliyoinua: sentimita 12, asilimia 12. Hesabu imekwisha.

Ugomvi ndio unaanza, kwa sababu yote yanategemea ubao umeuweka wapi. Kwenye kona, upande wa ndani ni mfupi na upande wa nje ni mrefu, ilhali pande zote mbili zinapanda kimo kilekile. Jambo hilo dogo lilizua kesi kubwa. Mwaka 2019 mtaa wa Ffordd Pen Llech, mjini Harlech, Wales, ulitangazwa mkali kuliko yote duniani kwa asilimia 37.45. Watu wa Dunedin wakakata rufaa: mtaa ule una kona, upimwe katikati ya njia. Ulipopimwa hivyo ukashuka hadi 28.6, na mwaka 2020 Baldwin Street ikarudishiwa taji kwa 34.8.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona moja ya Mlima Magara na ubao wangu, kijana wa bodaboda akasimama kuniuliza natafuta nini. Nikamweleza. Akanyoosha kidole upande wa ndani. “Hapo sipiti na abiria, mzee. Nazungukia nje.” Harlech hajaisikia.

Hukohuko Mbulu kuna watu waliouishi mteremko bila kuukata barabara. Wairaqw wa Kainam na vilima vya jirani walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likaendana na ardhi, hata mgeni angeweza kulikaribia bila kujua kuna moto unaowaka chini yake. Wavamizi wa mifugo walipita pasipo kuona boma. Sehemu hii ya somo inahitaji kitabu chake, na ninawaonea wivu watakaokiandika.

Hanang uiache mwisho. Mlima unafika mita 3,417, na njia ya Jorodom inaanzia karibu kabisa na mji wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, miamba laini ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Tope, mawe na magogo vikafuata makorongo hadi Katesh na vijiji kama Gendabi, na zaidi ya watu 80 walifariki. Hakuna kona wala zege katika njia ya tope lile. Maji hayanunui unafuu. Ukifika, kabla ya kumtafuta kiongozi wa kukupandisha kileleni, tembea kando ya korongo mojawapo, kisha geuka uangalie lilikotoka. Ubao uache kwenye gari.