Mwanasesere wa kutisha: hatari iko machoni na tumboni

Huenda umemwona yule mwanasesere mdogo mwenye masikio ya sungura na meno yaliyotokeza, akining'inia kwenye mkoba wa msichana ndani ya matatu. Jina lake Labubu. Alibuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, akauzwa na kampuni ya Kichina iitwayo Pop Mart, na kufikia 2025 alikuwa amewatia wazimu vijana wa miji mingi duniani. Kwa nini mtu atoe pesa zake kununua kitu chenye sura mbaya? Swali hilo waulizwe wafanyabiashara. Mimi linalonihusu ni tangazo la Agosti 2025, ambapo tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wazazi juu ya Labubu bandia. Walikuwa wakivunjika kwa urahisi na kuacha vipande vidogo vinavyoweza kuziba koo la mtoto.

Nalizungumzia jambo hili kwa sababu si la Wachina na Wamarekani pekee. Mgonjwa wangu mmoja, mama wa makamo kutoka Kambu, alikuja akilalamikia kifua. Nilipomwuliza kazi yake alitoa mfukoni mwanasesere aliyemshona mwenyewe: uso wa gunia, nywele za mkonge, mdomo ulioshonwa kwa uzi mweusi kama kidonda, jicho moja kubwa na jingine dogo. Anashona majitu ya namna hiyo na kumtumia mpwa wake Nairobi, anayewauzia watu wa sherehe za Halloween kila Oktoba na maduka ya zawadi miezi mingine.

Kwa wasioijua, Kambu ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, baina ya Kibwezi na Mtito Andei, kaunti ya Makueni. Ukivuka mto Athi umeingia Kitui. Ni nchi kavu, na mvua inapokosa kunyesha mkono wa mama ndio shamba. Vifaa havikosekani: mkonge uko Kibwezi, mitumba iko sokoni, na ufundi wa mkono Wakamba hawafundishwi na mtu. Vyondo vyao vinajulikana, na vinyago vya Wamunyu vilienea tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza na ustadi wa kuchonga. Kwa hiyo sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Biashara hii ni halali na inaweza kulisha nyumba. Lakini kama unashona, unauza au unanunua, yako mambo unayopaswa kuyajua.

Je, sanamu huleta ugonjwa?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mwanasesere mwenye sindano kifuani na mdomo ulioshonwa huwakumbusha watu wengi mambo ya uchawi, na wako majirani ambao hawatakubali akae chini ya paa moja na mtoto. Jibu langu ni hapana, kitambaa na pamba haviwezi kumroga mtu. Ninachokiogopa ni kinachofuata mtoto anapougua nyumba hiyo ikiwa na mwanasesere.

Chukua degedege. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anapopandwa na homa ya ghafla anaweza kukakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikatupwatupwa. Wazee wetu walilihesabu hilo kuwa ni kazi ya pepo. Likitokea usiku, nyumbani mwenye majitu ya kutisha rafuni, ni rahisi sana lawama kuangukia rafu. Mwanasesere huchomwa moto, mganga huitwa, na alfajiri ndipo mtoto hupelekwa hospitali. Saa hizo zilizopotea ndizo huua, kwa maana nyuma ya homa huenda kuna malaria au homa ya uti wa mgongo. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, na umpeleke hospitali. Mtukutiko ukipita dakika tano, hiyo ni dharura. Mwanasesere mchome kesho, ukipenda.

Hofu ya kawaida ni jambo jingine. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hajaweza kutenganisha vizuri kilicho hai na kisicho hai, na akiota ndoto mbaya atakuamsha karibu na alfajiri na kukuhadithia. Mtulize, mwondoe mwanasesere chumbani, na umemaliza. Yuko pia mtoto anayepiga mayowe saa za mwanzo za usiku, macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyo hatishwi na mwanasesere. Ni hali ya usingizi ambayo watoto wengi huiacha wakikua. Usimwamshe kwa nguvu. Mlinde tu asijigonge.

Macho

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Macho ya mwanasesere wa kutisha ndiyo uzuri wake, na aghalabu hutengenezwa kwa vifungo, shanga au mbegu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu huijua dunia kwa mdomo. Atalinyonya jicho, atalivuta kwa meno, uzi utalegea, na siku moja litabaki kinywani mwake. Njia yake ya hewa ni nyembamba kuliko kidole chako kidogo.

Viwanda vya Ulaya hupima jicho la mwanasesere kwa kulivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9, kwa sekunde 10. Nawe unaweza kufanya hivyo nyumbani. Funga kamba imara kwenye jicho, ning'iniza ndoo yenye lita 9 za maji, na uhesabu hadi kumi. Likichomoka, heri limechomokea mbele yako. Kipimo kingine ni kile kigae cha karatasi kinachobaki katikati ya karatasi ya chooni: chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Lakini ushauri wangu wa kweli ni kuacha vifungo kabisa. Macho yatarizi kwa uzi. Jicho la uzi mwekundu linatisha vilevile, na halimezwi.

Utaniambia kwamba wako ni wa kupamba rafu za watu wazima. Nakubali, na ukiandike kibandiko kinachosema hivyo. Ila kumbuka kuwa mnunuzi ana mpwa, na mpwa ana mikono.

Mtoto akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe na umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Kisichotoka, kama ametimiza mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute kwa ndani na juu mara tano. Mtoto mchanga usimkandamize tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kwa mapigo matano ya mgongoni, kisha umgeuze na kumsukuma kifuani mara tano. Rudia hivyo huku mwenzako akitafuta gari. Usipekue koo kwa kidole kitu usichokiona, kwa sababu utakisukuma ndani zaidi.

Jicho linalowaka

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Siku hizi wapo wanaotia taa ndogo machoni ili mwanasesere amulike gizani. Taa hiyo huendeshwa na betri bapa ya duara, inayong'aa kama sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, haimdhuru kwa kuziba tu. Unyevu wa mwili hukamilisha njia ya umeme, na upande mmoja wa betri hutengeneza magadi makali yanayounguza nyama. Katika saa mbili tu umio unaweza kuungua vibaya, na baadaye kutoboka hata kufikia mshipa mkubwa wa damu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kulazimisha vyumba vya betri hizi vifungwe ili mtoto asiweze kuvifungua, baada ya watoto kufa.

Dalili zake hudanganya. Mtoto anatokwa na mate, anakataa chakula, anakohoa kidogo, nawe unasema ni mafua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Hata kwenye picha ya eksirei betri inaweza kudhaniwa ni sarafu, asipoangalia mtu anayejua kuwa kingo zake zina duara mbili.

Sasa fikiria Kambu. Kuitoa betri kunahitaji mtaalamu mwenye mpira wa kuchungulia umio, na huyo mara nyingi yuko Nairobi au Mombasa. Mtito Andei, hapo jirani, huhesabiwa kuwa nusu ya safari baina ya miji hiyo miwili. Kokote utakakoelekea, saa mbili zitakuwa zimekwisha ungali njiani.

Kipo kitu kimoja cha kusaidia, na kwa bahati nzuri Ukambani hakikosi: asali. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa asali huipaka betri na kupunguza kuungua. Kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, mpe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita, huku mkiwa safarini. Asali si dawa ya kuitoa betri, wala si sababu ya kuchelewa hata dakika moja. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Usimtapishe, na zaidi ya hiyo asali usimpe chakula wala kinywaji. Ukifika hospitali, tamka neno "betri" mlangoni usisubiri foleni.

Ukiniuliza mimi, mwanasesere wa nyumbani asitiwe taa. Chumba cha betri kisichofungwa kwa skrubu hakifai, na uzi si skrubu.

Tumbo

Tumbo la mwanasesere hujazwa kilichopo: sufi, pamba, nyuzi za mkonge, sponji kuukuu, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi. Nguo za mitumba zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani hadi zikauke, kisha zipigwe pasi pande zote mbili. Pasi si ya urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia ngozini akaleta uvimbe unaofanana na jipu. Joto la pasi humwua. Kisichoweza kufuliwa kifungie kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu kamili, kwani vijidudu vya upele havidumu muda mrefu mbali na mwili wa mtu.

Wengine humtia mwanasesere mahindi au maharagwe kiunoni ili akae wima, na hupenda kutumia yale mahindi yaliyoharibika. Tafadhali, hapana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwagonjwesha watu 317 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mahindi usiyoweza kula wewe yasishonewe mahali ambapo mtoto atatoboa tundu na kutafuna. Tumia mchanga uliooshwa na kukauka, ndani ya mfuko ulioshonwa mara mbili.

Turudi kwa mgonjwa wangu. Kifua chake kilibana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko ya Jumapili, kikalegea kadiri wiki ilivyosonga. Mtindo huo madaktari wanaujua kwa wafanyakazi wa vumbi la pamba na nyuzi, na kikohozi cha wachanuaji wa kitani na katani kiliandikwa na tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini tangu mwaka 1700. Mama huyo alikuwa akichambua sufi chumbani, dirisha limefungwa ili isipeperuke. Nilimwambia achambue nje, upepo ukimtoka mgongoni, na ainyunyizie maji kidogo kabla ya kuigusa, kisha aikaushe kabla ya kuijaza. Leso puani huzuia manyoya makubwa, haizuii vumbi jembamba. Mwenye pumu bora aachie mwenzake kazi hiyo.

Macho ya mshonaji nayo yana haki yake. Baada ya miaka arubaini kutunga uzi kunakuwa shida, na koroboi haisaidii. Si ugonjwa, ni umri, na miwani ya karibu huuondoa usumbufu huo. Ila upimwe kwanza, maana presha ya macho huiba kuona bila maumivu. Hakikisha pia umekamilisha sindano za pepopunda, kwa kuwa kidole cha mshonaji hakikosi tundu.

Na sindano za kushonea zihesabu unapoanza na unapomaliza. Mpitishe kila mwanasesere juu ya sumaku kabla ya kumfunga. Ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Hesabu ikipungua sindano moja, wanasesere wa siku hiyo wasiuzwe mpaka ipatikane.