Kompyuta Ikizima Katikati ya Kazi: Chunguza Joto la Kadi ya Grafiki

Miezi ya Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika, huwa migumu kwa kompyuta za mezani. Wanaohariri video za harusi, wachoraji wa ramani za nyumba na wenye vyumba vya michezo ya kompyuta hukumbana na tatizo lilelile: mashine inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kumi au ishirini, kisha skrini inakuwa nyeusi. Kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea huku mteja akingoja. Wengine huambiwa kadi imekufa, wakanunua nyingine, kumbe iliyokuwapo ilikosa hewa tu.

Kadi ya grafiki ndiyo inayotengeneza picha zinazoonekana kwenye skrini. Huchomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na ina feni zake pamoja na bati nyembamba za alumini za kutoa joto. Kompyuta ikiwa imetulia, joto la nyuzi 30 hadi 50 za Selsiasi ni la kawaida. Kazi ikiwa nzito, kadi nyingi hufika kati ya nyuzi 65 na 85 bila madhara. Ikipita hapo, kadi hujipunguzia kasi ili isiungue, na video huanza kukwamakwama. Joto likizidi kupanda, hujizima.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupima. Kwenye Windows 11, au Windows 10 iliyosasishwa, mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue sehemu ya Performance. Joto la kadi huonyeshwa hapo. Programu za bure kama GPU-Z na HWiNFO hutoa maelezo zaidi. Asome namba kompyuta ikiwa imetulia, kisha aisome tena baada ya robo saa ya kazi nzito.

Kuna jaribio moja lisilogharimu chochote, na mafundi wengi huanza nalo. Fungua kifuniko cha ubavuni, rudia kazi ileile, soma joto tena. Likishuka kwa nyuzi kumi au zaidi, kadi yenyewe haina kosa; hewa moto imefungiwa ndani ya kasha. Huenda kompyuta imesukumwa hadi ukutani, imewekwa ndani ya kabati la meza, au feni ya kasha haizunguki. Lakini joto lisiposhuka, shida iko kwenye kadi: vumbi, feni, au ile krimu ya kijivu ya kupitisha joto, ambayo mafundi huiita pesti, imekauka.

Vumbi ndilo mshukiwa wa kwanza, hasa katika vibanda vilivyo kando ya barabara za murram. Kabla ya kusafisha, kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Mtu aguse chuma cha kasha kwanza, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuharibu kadi. Kisha atumie brashi laini na bloa, huku akishika feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa kwa kasi na upepo wa bloa huharibika beringi. Kitambaa chenye maji hakifai kabisa.

Feni za kadi nyingi za kisasa husimama kompyuta inapopumzika, na huanza kuzunguka kadi ikipata joto la nyuzi 50 au 60 hivi. Feni iliyosimama si lazima iwe mbovu. Inayokwaruza, au isiyozunguka hata kadi ikiwa moto, ndiyo ya kubadilishwa, na mara nyingi hubadilishwa peke yake.

Kubadilisha pesti ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, kwani kadi hufunguliwa yote. Kadi ambayo bado ina dhamana irudishwe dukani kwanza, kwa kuwa kuifungua kunaweza kuiondolea dhamana hiyo. Wanaonunua kadi za mitumba wapime joto kabla ya kulipa. Baadhi zilitumika usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, na pesti yake huwa imechoka.

Si kila kuzimika ni joto la kadi. Kompyuta ikizima yote ghafla, kama iliyokatiwa umeme, huku joto likiwa la chini, kifaa cha kugawa umeme ndani ya kasha kikaguliwe. Mistari au madoa ya rangi yakitokea pindi tu inapowashwa, ikiwa bado baridi, huenda kumbukumbu ya kadi imeharibika, na hapo kusafisha hakutasaidia.

Mwenye kazi ya haraka anaweza kupunguza joto siku hiyohiyo kwa kuivuta kompyuta mbali na ukuta, kufungua dirisha, na kupunguza kiwango cha umeme wa kadi kwa programu kama MSI Afterburner. Video itachelewa kidogo kukamilika. Na kompyuta ikitoka kwa fundi, iwashwe palepale, ipewe kazi ileile iliyokuwa ikiizima, na joto lisomwe tena kabla ya pesa kutolewa.