Kuhesabu Kware wa Bobwhite Mwaka Hadi Mwaka

Bobwhite, ambaye wanasayansi humwita Colinus virginianus, ni kware wa Amerika Kaskazini anayeishi kwenye nyasi, vichaka na kingo za mashamba, na uzito wake aghalabu haufiki gramu 200. Asichanganywe na kware wa Kijapani, anayefugwa vizimbani Kenya na Tanzania kwa ajili ya mayai na nyama, kwa kuwa bobwhite anayezungumziwa hapa ni ndege wa porini, ambaye idadi yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua, theluji na matumizi ya ardhi. Kwamba ndege huyu amepungua sana nchini Marekani linajulikana leo kwa uhakika kwa sababu, kwa miongo mingi, amekuwa akihesabiwa kila mwaka huko vijijini, katika njia zilezile na kwa kanuni zilezile.

Hakuna awezaye kuhesabu kware wote wa jimbo zima, kwani ndege huyu hujificha majanini na kutulia kimya hata mtu akipita hatua chache kutoka alipo. Kwa hiyo watafiti hutumia fahirisi, yaani kipimo kisichodai kutaja jumla ya ndege waliopo, bali kinacholinganisha mwaka mmoja na mwingine, kwa sharti kwamba namna ya kuhesabu isibadilike. Katika jimbo la Iowa, kati ya tarehe 1 na 15 Agosti, wahesabuji huendesha magari polepole kuanzia macheo katika njia zaidi ya 200, kila moja ikiwa na urefu wa kilomita 48 hivi, wakiandika kila kware wanayemwona. Asubuhi zinazochaguliwa ni zile zenye umande mwingi, kwa kuwa majani yakilowa ndege hutoka na kusimama kwenye barabara za changarawe ili wakauke. Faida ya njia hii ndiyo pia udhaifu wake: mwaka wa ukame, umande unapokuwa haba, ndege hubaki majanini na hesabu hushuka, ingawa huenda idadi yao halisi haikubadilika hata kidogo.

Huko Nebraska kazi kama hiyo imefanywa tangu mwaka 1945 na wapeleka barua wa vijijini, ambao katika siku zilizopangwa huandika ndege wanaowaona wakiwa kwenye safari zao za kawaida, kisha jumla ya ndege hulinganishwa na umbali uliosafiriwa. Wafanyakazi hao wa posta wanastahili heshima kubwa, kwani wameipa sayansi kumbukumbu ambayo maabara nyingi zenye fedha hazina.

Kwa upana zaidi upo Utafiti wa Ndege Wanaozaliana wa Amerika Kaskazini, ulioanzishwa mwaka 1966 na mwanabiolojia Chandler Robbins. Kila njia ina urefu wa takriban kilomita 39 na vituo 50. Mhesabuji huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, husimama dakika 3 katika kila kituo, na huandika kila ndege anayemwona au kumsikia. Wanatakwimu huzingatia hata uzoefu wa mhesabuji, kwa kuwa mtu anayefanya kazi hiyo katika njia fulani kwa mara ya kwanza huelekea kurekodi ndege wachache kuliko atakavyorekodi mwaka unaofuata.

Takwimu hizo zinaonyesha kwamba bobwhite wamekuwa wakipungua kwa kati ya asilimia 3 na 4 kila mwaka, kiasi ambacho katika nusu karne kimeondoa zaidi ya asilimia 80 yao. Upungufu wa namna hiyo hauonekani kwa macho. Wengi wa kware hawa hufa kabla ya kutimiza mwaka, lakini jike hutaga mayai 12 hadi 16 kwa mara moja, hivyo msimu mzuri wa mvua waweza kuongeza idadi yao maradufu, na theluji nzito yaweza kuifyeka. Mkulima anayekumbuka miaka miwili au mitatu tu atauona mwaka mzuri na kudhani kwamba hali imetengemaa, ilhali kwa kasi hiyo ya kupungua nusu ya ndege hutoweka katika muda wa miaka 20 hivi.

Chanzo kikuu ni kupotea kwa makazi. Kilimo cha mashamba makubwa kimeondoa vichaka vya mipakani, na nyasi za malisho zilizoletwa kutoka Ulaya hufunga ardhi kiasi kwamba kifaranga hawezi kupenya kutafuta wadudu. Moto nao ulizuiwa, ingawa Herbert Stoddard alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1931 kwamba uchomaji wa kiasi huwafaa kware.

Mwaka 2020 utafiti huo wa Amerika Kaskazini ulisitishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na pengo hilo halitazibika, kwani ndege wa msimu uliopita hawahesabiki tena. Janga lile lilikuwa nje ya uwezo wa watafiti. Kufuta hesabu ya mwaka kwa ajili ya kubana matumizi ni uamuzi wa hiari, na mamlaka za wanyamapori hazina budi kuilinda bajeti yake hata katika miaka ambayo kware wanaonekana kuwa wengi.