Hesabu Kwanza, Kisha Sema Asante

Nyumbani kwenu nani bado anatumia kabambe? Kwetu Kibarani, hapa Kilifi, ni nyanya yangu. Tunamwita Hawe. Kila asubuhi anauza mahamri na mbaazi, na simu yake ni ile ya vitufe, kioo kina ufa na betri imefungwa kwa raba. Mimi nina simu ya kupapasa yenye apu za kila aina. Kila nikija likizo namwambia, "Hawe, nikununulie simu nzuri?" Naye hunijibu, "Hii yangu inakaa na chaji siku nne. Yako bando likiisha inakuwa kioo cha kujitazamia."

Nilikuwa nacheka, mpaka asubuhi moja mwezi wa Agosti.

Hawe alienda kwa jirani kidogo, akaniachia meza pamoja na simu yake. Akaja kijana na pikipiki, akaagiza mahamri 40 na mbaazi za kubeba, za mafundi wa mjengo. Jumla shilingi 650. Akabonyeza simu yake, na punde si punde ya Hawe ikalia. Ujumbe ulikuwa na kila kitu: jina, kiasi, saa, hata nambari ya muamala. Nikamfungia mzigo, nikasema asante, huyoo akaenda.

Hawe aliporudi hakuuliza nani kanunua. Aliuliza, "Salio lasemaje?" Akanigeuzia mgongo, akaweka PIN yake, akasoma. Salio lilikuwa lile lile la jana usiku. Kutazama vizuri, ule ujumbe ulitoka kwa nambari ya kawaida ya simu. Kijana aliuandika mwenyewe! Mahamri yalikwenda, na pesa za unga wa kesho zikaenda nayo.

Niliona haya. Mimi ndiye ninayewaandikia makala kama haya.

Hawe hakugomba. Alinihadithia jinsi babu alivyokuwa akituma pesa kutoka Mombasa. Zilikuja kwa bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi, zikavuka kwa feri pale Mnarani, maana daraja la Kilifi lilikuja 1991. "Bahasha ikifika, nilihesabu mbele ya kondakta. Sikusema asante kwanza."

M-Pesa ilipoanza 2007, bahasha ikageuka kuwa ujumbe. Hawe alibadilisha chombo, ila tabia ya kuhesabu hakuiacha. Mimi nilikuwa na chombo kipya bila ile tabia.

Si kwamba kabambe ni bora kuliko simu ya kupapasa. Kwenye simu yangu naona malipo ya mwezi mzima kwa mpangilio, jambo ambalo Hawe hulifanya kwa daftari. Lakini ujumbe wa uongo huingia kote kote. Basi, simu yoyote uliyo nayo, shika haya:

1. Angalia salio kabla ya kutoa mzigo. Ujumbe ni habari tu, pesa ziko kwenye salio. Kwa M-Pesa, piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, uliza salio. Inafanya kazi hata kwa kabambe, bila bando.

2. Tazama ujumbe umetoka wapi. Wa kweli huja kwa jina MPESA, sio kwa nambari ya mtu.

3. Mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie mbio mbio. Angalia salio kwanza. Kama ni kweli, mwambie atume ule ujumbe wake wa malipo kwa 456, aombe muamala urudishwe.

4. Ukimwachia mtu biashara, usimpe PIN. Mwambie apokee malipo kwa laini yake ambayo anaweza kuangalia salio, au mteja asubiri urudi. Hapo ndipo mimi na Hawe tuliteleza.

Mteja mwaminifu hatakasirika ukimwambia, "Subiri kidogo niangalie." Ni nusu dakika tu.

Jioni ile nilimtumia Hawe shilingi 650 zake kwa simu, nikiwa nimekaa naye kwenye mkeka mmoja. Simu ikalia. Hakuniangalia. Alipiga *334#, akanigeuzia mgongo, akasoma salio.

Ndipo akasema, "Asante, mwanangu."