Kutwa Nzima kwa Wavuvi wa Kiwagenya

Watu wa milima ya Masisi huhifadhi maziwa yao kwa kuyafanya jibini. Wagenya wa Kisangani huhifadhi samaki kwa moshi. Jumamosi moja tulitoka mjini alfajiri ili tuwaone kazini.

Hapo ndipo penye poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma. Kutoka Ubundu hadi Kisangani mto hushuka kiasi cha meta 60, wala chombo hakiwezi kupita. Kwa sababu hiyo ilijengwa reli, ikamalizika mwaka 1906. Stanley alipofika mwaka 1877 alizikuta nguzo za wavuvi zimekwisha simama majini.

Nguzo hizo ni ajabu kuzitazama. Miti mitatu minene husimikwa katika matundu ya mwamba yaliyochimbwa na maji yenyewe, ikafungwa kwa kamba za mwituni, bila msumari hata mmoja. Juu yake hutundikwa migono mikubwa, mipana kinywani na myembamba mkiani, ikielekea mkondo unakotoka. Samaki akisukumwa ndani, nguvu ya maji humzuia asirudi.

“Baba,” tulimwuliza mzee mwenyeji wetu, “mbona hamtegi nyavu hapa?”

Akacheka. “Wanangu, ni wavu gani utakaosimama mbele ya maji haya?”

Kijana wake akashika kamba, akajitosa. Sisi tulikaza macho, maana kichwa chake kilipotea katika povu, tukahesabu pumzi zetu mpaka kikaibuka. Mgono wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili pia. Katika wa tatu akapatikana mbenga mmoja, meno wazi, na samaki wadogo sita.

Mbenga akapelekwa sokoni. Wale wadogo mama mwenye nyumba aliwapasua, akawapanga juu ya uchaga, akachochea moto wa polepole. Tulionjeshwa mmoja wa jana, na ugali wa muhogo. Twakiri tuliomba wa pili.

Lakini mzee hakula sana. Mguu mmoja wa nguzo zake ulikuwa umevunjwa na gogo lililoletwa na maji. Mahali pale alirithi kwa baba yake, na miti minene sasa hutafutwa mbali, kwa fedha. Mwanawe mkubwa amekwisha hamia mjini, anapakia abiria kwa pikipiki; na huyu mdogo, tulipomwuliza kama atabaki, alitazama maji tu.

Jioni mti mpya ulifika kwa mtumbwi. Mzee akashika ncha moja. Kijana akasimama kidogo, kisha akavua shati, akashika ya pili.