Kusafisha Gobore Bila Hatari

Leo twataka kusema habari za gobore, bunduki ya bei nafuu tuijuayo tangu utoto. Hapa Kinampanda, katika nchi ya Iramba, nguruwe na nyani huharibu mtama, na mwenye shamba hutamani silaha. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, bali zile za gumegume ziliachwa ziuzwe. Ndiyo sababu moja ya gobore kuwa silaha ya mtu wa kawaida.

Bunduki ifungukayo nyuma humwonyesha mtu kama ina risasi. Gobore halionyeshi kitu, kwa kuwa nyuma limezibwa. Baruti iliyoshindiliwa mwaka jana yaweza kuwamo hata leo, na mwenyewe amekwisha sahau. Kwa hiyo twafuata taratibu hii.

Kwanza, twende nje, mbali na moto, tumbako na watoto, na mdomo wa mtutu uelekee mahali pasipo mtu. Tuinue nyundo kidogo, tukiishika imara kwa kidole gumba, tuondoe fataki.

Pili, tupime kwa mdeki, uso ukiwa kando. Mdeki uwe na alama iliyokatwa usawa wa mdomo siku gobore lilipokuwa tupu. Alama ikibaki juu ya mdomo, ndani mna kitu. Hapo tuache kazi. Tusichokoe wala kupuliza, bali tumwite fundi mwenye kibali.

Tatu, likiwa tupu, tufungue parafujo na pete zishikazo mtutu na ubao wake. Kizibo cha nyuma tusikiguse, maana kikilegea moto humrudia mpigaji usoni.

Nne, tuoshe mtutu kwa maji ya moto. Baruti ni shura, makaa na kiberiti. Ikiungua huacha masizi na chumvi ivutayo unyevu, na kutu hula chuma. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huiyeyusha. Tupitishe kitambaa hata kitoke cheupe, tukaushe kabisa, ndipo tupake mafuta kidogo.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kila mwenye silaha awe na leseni. Lakini leseni peke yake haimkingi mtoto aliye nyumbani. Basi, asiye na alama katika mdeki wake aikate mara akiisha kulipiga gobore shambani na mtutu umepoa, wakati ambapo ana hakika kwamba ndani hamna kitu.